Mshona magunia wa Munigi aliyepinga alama nne

Kabla ya saa mbili asubuhi, ua wa Léocadie huko Munigi, nje kidogo ya mji wa Goma, umeshajaa. Kazi ni ya mtu mmoja lakini watu ni wanane. Wawili wameleta magunia, mmoja anauliza bei, mmoja alipita tu kusalimia na sasa amepewa kigoda. Waliobaki hawana sababu ya kuwapo, ila tu kwamba habari za Goma hufika hapa kabla hazijafika redioni.

Léocadie mwenyewe, mama wa miaka arobaini na mmoja, amekaa juu ya bidoni ya njano, dumu tupu la maji. Mguu wa kushoto ameunyoosha mbele, kisigino kikiwa juu ya bidoni nyingine. Mkononi ana shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, na hakuna neno linalosemwa uani likampita.

Anainua gunia, analielekeza kwenye mwanga.

"Hapa ni panya," anasema. Anachukua la pili. "Hapa ni kulabu ya makuli. Na hii..." analinusa la tatu, lenye harufu ya makala, yaani makaa, "hii batu balibebesha kupita nguvu yake."

Wanaomzunguka wanacheka, lakini yeye hatanii. Tundu la panya ni la mviringo na kingo zake zimetafunwa. La kulabu ni jembamba, refu. Gunia lililoshindiliwa kupita kiasi hupasukia ubavuni, kwenye mshono, na hilo ndilo analolipenda, maana uzi unarudi palepale ulipotoka. Gunia bovu analinunua faranga mia tatu. Likishashonwa, wauza viazi na makala wanalichukua kwa mia nane. Siku nzuri anashona kumi na matano.

Ukimtazama akifanya kazi namna hiyo, mikono ikienda mbio na mdomo ukienda mbio zaidi, huwezi kumwita mlemavu. Na hapo hasa ndipo kesi yake ilipoanzia.

"Ukiniona nimekaa, niko muzima," anaeleza huku akikata uzi kwa meno. "Ukiniona nimesimama, niko muzima tena. Shida iko pale katikati. Nikianza kuinuka, weye unaweza kusali Salamu Maria na ukamaliza, miye bado niko njiani."

Alizaliwa Kibumba, kaskazini mwa Goma kwenye barabara ya Rutshuru, kwa watu wa kabichi na viazi. Mumewe, Buhendwa, alitokea upande wa Bukavu akinunua kabichi za kuvusha ziwani. "Hata musimu haina kabichi alikuja," anadakia Mama Kanyere, jirani, muuza maharage mwenye asili ya Butembo. Mama Kanyere hakuwahi kufika Kibumba, lakini hadithi ya ndoa ile anaisimulia kama aliyeshika taa.

Vita vilipopanda tena Kibumba, Léocadie alikuwa kando ya barabara akifunga mdomo wa gunia la kabichi. Bomu lilianguka katika shamba la jirani. Anachokumbuka ni kwamba kabichi ziliviringika barabarani na watu wakaziruka bila hata mmoja kuinama kuokota. "Njo nikajua mambo imekuwa kubwa. Mutu wa Kibumba kuacha kabichi chini!"

Vipande vya chuma vilimwingia kwenye nyonga na nyuma ya goti. Aliyemwokoa ni Samy, kijana wa chukudu, chombo kile cha mbao cha magurudumu mawili ambacho hubeba mizigo ya Goma yote. Samy alimwaga viazi vya tajiri wake mtaroni, akamlaza Léocadie pale juu, akateremka naye mteremko wote hadi Munigi, akifunga breki kwa kandambili yake mpaka ikatoboka.

Hospitalini walitoa vipande vitatu. Cha nne daktari alisema abaki nacho, maana kukifuata ni hatari kuliko kukiacha. Mguu haukukatwa. Wote walisema Mungu ni mkubwa, na Léocadie alisema hivyo pia.

Shamba limebaki Kibumba. Hapa Munigi ardhi ni mawe meusi ya volkano, na kabichi haioti kwenye jiwe. Buhendwa alipata kazi ya ulinzi wa usiku katika nyumba moja ya Katindo, mtaa wa Goma. Léocadie alitazama alichokuwa anakijua toka utotoni, akaona ni magunia.

Tatizo ni kuyapata. Magunia mabovu huuzwa kule malori yanakoshushia, mwendo ambao mtu mzima anautembea kwa nusu saa. Kwa Léocadie ni safari isiyowezekana. Kwa hiyo Samy humletea kwa chukudu, na katika kila magunia matatu yanayoshonwa, moja ni lake. Zaidi ya hapo, ni yeye anayechagua. Analeta ya panya mengi na ya mshono machache, kwa sababu hajui tofauti au kwa sababu anaijua vizuri sana. Uani maoni yamegawanyika.

"Utamwambia nini mutu aliyekubeba na damu yako?" anauliza Léocadie. "Ananyamaza, nami nanyamaza. Tunachekana."

Ndiyo maana habari zilipofika kwamba shirika moja la misaada litatoa baiskeli za magurudumu matatu, zile zinazoendeshwa kwa mikono, kwa watu walioumizwa na vita, Léocadie hakulala. Akiwa na baiskeli ile angeshuka mwenyewe hadi kwenye malori. Angeinua kila gunia, angelielekeza kwenye mwanga.

Kulikuwa na sharti. Kila mtu atatembelewa nyumbani, ataulizwa maswali kumi na mawili, na mwisho atapewa alama. Alama kumi ni ulemavu mzito kabisa. Anayepata sita kwenda juu anaingia kwenye orodha.

Basi mgeni anakuja. Na mgeni akija nyumbani kwa Léocadie, mambo yana taratibu zake.

Siku mbili kabla, alikopa viti vinne vya plastiki kwa Mama Kanyere. Wanawake wa jirani walifagia ua na kuficha magunia nyuma ya nyumba. Fanta mbili zilinunuliwa. Buhendwa alitoa shati lake la arusi. Baba mkwe, muzee Cirimwami, ambaye alikuja kutoka Walungu kutibiwa macho na bado hajarudi, aliwekwa kwenye kiti cha heshima kinachotazama mlango. Léocadie alivaa kitenge chake cha Pasaka. Fimbo yake ya kutembelea aliisukuma chini ya kitanda.

"Mugeni hawezi kukukuta umekaa," anasema, kana kwamba jambo hilo halihitaji maelezo. "Na hawezi kukukuta unashika fimbo kama unataka kumupiga."

Kijana wa shirika aliitwa Édouard, mpole, mwenye simu kubwa ya kujazia majibu. Alipoinama kupita mlangoni alimkuta mama wa nyumba amesimama wima, akitabasamu, mkono mmoja umeegemea ukuta kwa madaha. Hakujua kwamba alikuwa amesimama vile kwa robo saa, toka mtoto wa kwanza alipopiga kelele kuwa gari limefika. Hakujua kwamba ukuta ule ndio uliokuwa ukimshikilia.

Maswali yakaanza, watu kumi na mmoja wakiwa chumbani.

"Mama, maji unapata bila shida?"

"Maji iko, mwanangu. Hatukose maji."

"Unaweza kutembea hadi kwenye bomba?"

"Bomba haiko mbali."

"Kazi za nyumbani?"

"Tunashukuru Mungu. Kunywa Fanta yako, itapata moto."

Swali la nane lilikuwa hili: je, mama anaweza kuchutama, kwa mfano chooni?

Muzee Cirimwami alikohoa. Mama Kanyere akatazama dari. Mbele ya baba mkwe, mwanamke hasemi hata kwamba choo kipo. Na huyu anayeuliza ni kijana wa rika la mdogo wake wa mwisho.

"Hakuna shida," alijibu Léocadie. "Endelea na ingine."

Édouard aliweka alama kwenye simu na kuendelea na lingine. Alipoondoka, Léocadie alimsindikiza hadi mlangoni, kwa sababu mgeni husindikizwa. Gari lilipopinda kona, alianguka mikononi mwa Mama Kanyere, na siku tatu zilizofuata hakushika shazia.

Wiki tatu baadaye orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chefu, mkuu wa eneo. Mama Kanyere ndiye aliyekwenda kusoma, na kwa sauti aliyonayo, Léocadie alianza kusikia matokeo yake kabla jirani hajafika nyumbani. Alama nne. Maelezo: anatembea bila msaada, anahudumia wageni, hana shida ya kuchutama.

"Anahudumia bageni!" Mama Kanyere alipiga mapaja. "Fanta zile nilibeba miye, weye ulibeba nini?"

Utani ulitembea mtaa mzima. Mwanamume mmoja aliyepata alama tisa, ambaye mguu wake mmoja ulikatwa juu ya goti, alimwambia bila ubaya wowote: "Léocadie, shida yako ni kwamba uko na miguu mbili. Ungeacha mumoja hospitalini, leo tungekuwa wote kwenye liste." Léocadie mwenyewe alicheka. Kisha aliingia ndani akafunga mlango, na wanaomjua wanasema kabla ya siku ile hawakuwahi kuona mlango wake umefungwa mchana.

Orodha ilikuwa na mstari mdogo chini: asiyeridhika aandike ndani ya siku kumi na tano. Ua ukageuka bunge. Mama Kanyere alitaka barua iseme kwamba kijana yule alikuwa na haraka, alionyesha dharau, hata aliomba kitu. Wapo waliosema barua ya namna hiyo ndiyo inayosomwa upesi.

Léocadie alikataa. "Yule mutoto alikosa nini? Aliuliza, nikamujibu. Mwenye alikosa ni miye."

Barua yake, aliyoiandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, ilikuwa na sentensi nne. Ya tatu ndiyo iliyofanya watu wa ofisini waitane kuisoma: "Siku ile nilijibu kama mwenye nyumba. Naomba mje tena niwajibu kama mgonjwa."

Édouard anakumbuka barua hiyo. Si mtu wa kukwepa lawama. "Niliandika kile niliona," anasema. "Nilikuta nyumba imejaa, batu wanacheka, viti mingi, mama amevaa muzuri kunishinda. Sikujua viti ni vya jirani. Nilitoka pale nikisema, huyu afadhali yeye kuliko miye."

Jibu lilikuja kwamba tume ya watu wawili itafika Jumanne: Édouard mwenyewe, wa kuandika, na muuguzi mmoja aitwaye Lucie, wa kupima upya. Uamuzi wao ungekuwa wa mwisho. Alama nne zikithibitishwa, mlango umefungwa.

Safari hii majirani hawakutaka makosa. Mama Kanyere alichukua uongozi. Viti vilirudishwa kwake. Ua haukufagiwa. Léocadie aliambiwa asioge, avae gauni la jikoni, alale kwenye mkeka na asijibu zaidi ya neno moja moja. Samy aliahidi kutoa ushahidi. Walifanya hata mazoezi. Bibi mmoja aliyefundishwa kulia alilia vizuri mno hata akashindwa kunyamaza.

"Na magunia?" aliuliza Léocadie.

"Magunia tunaficha!" alisema Mama Kanyere. "Mugonjwa gani anashona magunia?"

"Miye."

"Leo apana!"

Jumanne tume ilipoingia ilimkuta Léocadie amelala kwenye mkeka kama alivyoagizwa, amezungukwa na vilio. Samy alianza kabla hajaulizwa. "Madame, huyu mama miaka hii yote hajatia mguu chini. Ata hatua moja."

Lucie, mwanamke mnene asiye na haraka, alimtazama Samy, kisha akatazama karatasi zake. "Lakini mwezi uliopita alimusindikiza mwenzangu hadi mulangoni."

"Ilikuwa ni muujiza," Mama Kanyere alijibu.

"Na hizi vidole?" Lucie alikuwa amemshika Léocadie mkono. Ncha za vidole zilikuwa ngumu, na kwenye kidole gumba palikuwa na alama ya shazia, nyeusi kwa vumbi la makala. "Mutu mwenye analala tu hapati mikono ya hivi."

Yule bibi wa kulia aliendelea peke yake kidogo, akagundua, akaacha. Lucie alifunika kalamu yake. Alisema polepole, kwa namna ya mtu aliyechoka bila kukasirika, kwamba mara ya kwanza nyumba hii ilimwambia Édouard hakuna ugonjwa, na leo inamwambia yeye hakuna uzima, na yeye hawezi kupima mtu ambaye hayupo.

Léocadie anasema hapo alihisi baiskeli ikiondoka. Alijiinua kwa viwiko. "Madame, nashona magunia. Iko nyuma ya nyumba, bamefunika na turubai. Kushona naweza kutoka asubuhi mpaka mangaribi. Kuna kitu ingine siwezi."

"Kitu gani?"

Alifungua mdomo. Chumbani walikuwamo majirani tisa, Samy, kijana mwenye simu, na kwenye kiti chake kinachotazama mlango, baba wa mumewe. Alifunga mdomo.

Lucie alifungua tena kalamu yake.

Ndipo muzee Cirimwami alipoanza kuinuka. Alijiegemeza kwenye mkongojo, akasimama, akanyoosha kofia yake. "Miye natoka," alisema. "Mukamwana wangu iko na maneno yake na madame, na masikio yangu haina kazi pale."

Kisha akanyoosha mkono hewani. "Weye kijana wa simu. Uko wapi? Njoo unishike. Macho yangu haioni mulango."

Muzee huyo huyo, majirani wote wanathibitisha, asubuhi ile aliuona mlango vizuri na kumfukuza kuku aliyekuwa akiingia. Édouard alisita, akamtazama Lucie, lakini nani atamkatalia muzee mwenye macho mabovu? Alimshika mkono wakatoka. Na muzee akishatoka, mdogo gani atabaki amekaa? Samy alitoka. Yule bibi alitoka. Mama Kanyere alikuwa wa mwisho, na inasemekana alitoka kinyumenyume.

Kwa mara ya kwanza tangu wafike Munigi, chumba cha Léocadie kilikuwa na watu wawili tu.

Aliyomwambia Lucie siku ile alikuwa hajamwambia mtu yeyote kwa ukamilifu isipokuwa mumewe. Leo anayasema mwenyewe, na anataka yaandikwe. "Muandike," anasisitiza. "Kama haiandikwe, kuna mama mwingine saa hii anasema hakuna shida, endelea na ingine."

Hawezi kuchutama. Nyonga inakubali hadi nusu, kisha inakwama, na hapo hawezi kushuka wala kupanda. Choo cha Munigi ni shimo na mbao mbili. Buhendwa alikata tako la kiti kibovu akakiweka juu ya shimo, lakini kupanda ngazi tatu za mawe zinazofika chooni ni lazima mtu amshike kiunoni. Mchana Mama Kanyere ndiye humshika. Usiku Buhendwa yuko Katindo akilinda geti la watu wengine. Kwa hiyo ikifika saa tisa alasiri, Léocadie haachi maji yapite kooni mwake mpaka mumewe arudi alfajiri. Ndiyo maana midomo yake hukauka jioni, na ndiyo maana wageni wa jioni humwona akinywesha kila mtu chai isipokuwa yeye.

"Nilifikiri madame atacheka," anasema. "Hakucheka. Aliniuliza, toka lini? Nikasema, toka Kibumba. Akaandika."

Kisha Lucie alimwomba ashuke, aone nyonga inakwamia wapi. Léocadie alishika mabega ya muuguzi, akaanza kuchutama. Ikakwama. Lucie, ambaye alikuwa amejipinda vibaya, akajaribu kumvuta juu. Uzito ukashinda, na wote wawili wakaenda chini juu ya mkeka kwa kishindo.

Nje, Mama Kanyere alitaka kuvunja mlango. Alichokisikia kikamzuia. Walikuwa wanacheka.

Baada ya hapo ilikuwa kazi tu. Lucie alimfanya atembee kwenda bombani na fimbo yake, mbele ya watu, bila maigizo. Alihesabu hatua. Kwenye hatua ya arobaini na tatu Léocadie alisimama, rangi imemtoka, akashika ukuta wa jirani. Bomba lilikuwa bado mbali. Alipoulizwa bidoni ya maji huifikishaje nyumbani, alisema ukweli, kwamba haifikishi. Kila mwanamke wa ua ule akienda kuchota huongeza ya Léocadie, kwa zamu ambayo hakuna aliyewahi kuipanga. Hapo vichwa vya majirani viliinama chini. Ushahidi wao wa kweli ulikuwa huo, na hakuna aliyefikiri kuutoa.

Magunia nayo yalifunuliwa. Lucie aliyatazama, akauliza kwa nini mengi yametobolewa na panya.

"Muulize Samy," alisema mtu kutoka nyuma.

Siku ya kumi na mbili baada ya tume kuja, barua ilifika. Alama saba kati ya kumi. Sababu zilizoandikwa ni nyonga, umbali na utegemezi wa mtu mwingine kwa mahitaji ya siri. Mtaa ulipiga vigelegele, na Mama Kanyere, aliyesoma barua mara tatu, alikiri kwamba hajawahi kuona mtu akishangiliwa hivyo kwa kuthibitishwa mgonjwa.

Muzee Cirimwami hakuuliza barua inasema nini. Aliomba tu chai, na akasema mukamwana wake naye amiminiwe.

Baiskeli bado haijafika. Shirika linasema iko njiani, na kwa hali ya barabara na mipaka siku hizi, njiani ni neno pana. Lakini Léocadie ameshapimwa: urefu wa mkono, upana wa kiti, kimo cha mgongo. Pia ameahidiwa fremu ya chuma ya chooni yenye vishikio viwili vinavyofika hadi kwenye ngazi, na hiyo ilikuja mapema. Wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza, alikunywa maji saa kumi na mbili jioni. Glasi nzima, anasema, na akaongeza nyingine kwa kiburi.

Swali lililobaki uani ni la Samy. Baiskeli ikija, lile gunia moja kati ya matatu litakwisha? Kijana mwenyewe amekaa pale pale kwenye mawe, ametega sikio huku akijifanya anafunga kamba ya chukudu. Wanane wote wamenyamaza kungoja jibu, jambo ambalo katika ua huu ni la kihistoria.

Léocadie anatunga uzi kwenye shazia kwanza. Hana haraka. Alishauliza kama baiskeli ile ina breki, maana kutoka Munigi kwenda kwenye malori njia yote ni mteremko, na kurudi na mzigo ni kilima.

"Kushuka, nitashuka miye peke yangu," anasema. "Kupanda, Samy atanisukuma, na nitamulipa jasho yake. Lakini gunia, Samy, sikia muzuri: gunia nitachagua miye."